Winga wa Kushoto wa Chongsol: Maisha ya Tak Kwang-ryol

Ndugu wa ukoo wa Tak, wachezaji wenzetu wa zamani, majirani wa mtaa wa Hanam, na ninyi mashabiki wa Chongsol mliojaza ukumbi huu hadi wengine wamebaki nje kwenye baridi, mimi naitwa Pyo Dong-sik, nimemwoa Bun-sun, mdogo wake marehemu, na kabla ya kuwa shemeji yake nilikuwa beki wake wa kushoto kwa misimu kumi na mmoja, kwa hiyo mgongo wake nimeutazama kuliko mtu yeyote aliye hai. Familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na yeye mwenyewe alikwisha kunipa kazi hiyo kabla hajaondoka.

Tak Kwang-ryol alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 katika kijiji cha Ssanghak, wilaya ya Longjing, karibu na Mto Haeran, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Tak Chang-su, mkulima wa mpunga, na mama Ki Ok-dan. Alizaliwa mashoto, na kwa kuwa siku hizo mtoto kula kwa mkono wa kushoto ilikuwa aibu ya nyumba nzima, mama yake alimrudi kwa kijiko kila mlo mpaka mkono ukahamia kulia, lakini mguu hakuna aliyeukumbuka, ukabaki ulivyoumbwa.

Majira ya baridi ya mwaka 1968 mzee Chang-su alichukuliwa na watu wa kijiji chake mwenyewe, akatuhumiwa kuwa jasusi wa Korea, ng'ambo ya mto wa mpakani, kwa sababu dada yake alikuwa ameolewa upande ule, akafungiwa kwenye ghala la mbegu, na tarehe 20 Desemba mwaka huo familia ikaitwa kuchukua mwili. Kwang-ryol na mama yake walimrudisha nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe wa kuazima, wakapita katikati ya kijiji mchana kweupe, na hakuna mlango uliofunguliwa, kwani kila nyumba ilikuwa na hofu yake. Jina la mzee lilisafishwa mwaka 1979, wakati nyasi zilikuwa zimeshaota juu ya kaburi mara nyingi.

Marehemu alisoma shule ya msingi hapo hapo Ssanghak, na mwaka 1972 akajiunga na sekondari mjini Longjing, ambako mwalimu wake wa michezo alimwona akipiga mpira ukutani kwa mguu mmoja tu, akamweka winga ya kushoto na hakumtoa tena. Mwezi Agosti 1975 mwalimu huyo alimpeleka Changchun kwenye uteuzi wa vijana wa mkoa, na kwa siku zote za majaribio hakupatikana beki wa kumzuia, lakini majina yaliposomwa lake halikuwamo. Mwalimu alikwenda kuuliza, na Kwang-ryol, aliyekuwa akifunga mizigo nyuma ya ukuta wa mbao, alisikia kila neno.

"Mguu wake tunautaka," mteuzi alisema. "Baba yake ndiye hatumtaki."

"Baba yake si alishakufa?"

"Alikufa, ndiyo. Lakini alikufa vibaya."

Alinisimulia jambo hilo mara moja tu, tukiwa kwenye treni ya kwenda mechini, akanifunulia kwamba njia nzima ya kurudi Longjing mwalimu alikuwa akimdanganya kwamba ameachwa kwa sababu ni mfupi, naye akaitikia ili mwalimu asione haya.

Kuanzia mwaka huo alifanya kazi katika kiwanda cha matofali nje ya mji wa Longjing, akibeba matofali mabichi kuyaingiza tanurini, na Jumapili akiichezea timu ya wafyatua matofali kwenye uwanja usio na nyasi. Mwezi Mei 1978, hali ya nchi ikiwa imeanza kulegea, Kocha Sok Tae-jun wa Chongsol, klabu yetu ya Yanji, alifika pale kumwangalia kipa wa timu pinzani, na baada ya nusu saa akamsahau kipa.

"Yule wa kushoto anatoka timu gani?" aliuliza.

"Ya matofali, Kocha."

"Basi aoge, aje Yanji."

Alivaa jezi ya Chongsol kwa mara ya kwanza tarehe 17 Septemba 1978, namba kumi na moja mgongoni, na vijana mliopo hapa ambao hamkumwona mnisamehe, kwa kuwa hazikupigwa picha za kutosha na zilizopigwa hazioneshi kitu, lakini nitajaribu kueleza. Mbio hakuwa nazo nyingi, wako waliomzidi, mimi mmojawapo. Kipaji chake kilikuwa kusimama. Alikuwa anaupokea mpira kwenye chaki ya pembeni, anauweka chini ya mguu, anasimama kama mtu anayesubiri basi, na beki aliyekuja kwa kasi naye inabidi asimame, uwanja mzima unanyamaza, halafu beki akihamisha uzito wake kidogo tu, hata wa kidole, Kwang-ryol ameshapita upande wa pili na krosi imeshatoka. Kutoka nyuma niliona mabega ya mabeki yakishuka kabla ya mpira kuondoka. Walikuwa wanajua.

Mashabiki walimwita Mashoto, na aliyelianzisha jina hilo yuko nasi, Bibi Bong-nyo, aliyekuwa akiuza tambi baridi kwenye lango la magharibi na kuingia uwanjani na ngoma yake pamoja na wanawake wenzake. Walikuwa wakikaa upande anaochezea kipindi cha kwanza, na refa akipuliza mapumziko, wanabeba ngoma, mito ya kukalia, sufuria na watoto, wanazunguka uwanja wote kwenda upande wa pili, ili wamfuate. Mwaka 1981 jukwaa lote lilikuwa linahama nao. Mgeni mmoja kutoka gazeti la Beijing alidhani pametokea moto.

Mwaka 1982 timu moja kubwa ya Shenyang ilituma watu kumchukua, wakamwahidi nyumba na kazi, lakini mama yake alikuwa amepooza nusu ya mwili na alikuwa akigeuzwa kitandani kila baada ya muda na mwanawe mwenyewe, kwa hiyo alikataa, na aliendelea kumgeuza hadi alipofariki tarehe 9 Februari 1984. Timu ya taifa ilimwita kambini mara moja, mwaka 1985, ikamrudisha, na safari hiyo waliomrudisha walisema kweli kwamba ni mfupi.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa tarehe 2 Oktoba 1983 hapa Yanji na Om Chun-hwa, fundi cherehani wa ushirika uliokuwa ukishona jezi zetu. Nilikuwepo siku walipofahamiana, alipoirudisha jezi yake dirishani akilalamika.

"Dada, hii kumi na moja imelala upande."

Chun-hwa aliitazama namba, akamtazama yeye. "Haijalala. Wewe ndiye unayetembea upande."

Tulicheka mpaka mlinzi akatufukuza, na wiki iliyofuata alirudi na jezi nyingine ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Hae-yon, aliyezaliwa tarehe 14 Juni 1985, ambaye sasa ni mwalimu Changchun na ndiye aliyemuuguza baba yake hadi mwisho.

Sasa nafika mwaka 1986, na hapa naomba mnivumilie. Mwezi Agosti, tukicheza ugenini, beki mmoja alimwingia goti la kushoto kwa miguu miwili, nikasikia mlio kama wa ukuni mbichi unaovunjwa, na daktari aliyempima alisema mishipa ya goti imechanika, apumzishwe mwaka mzima au hatacheza tena. Msimu ule mambo yalituendea vibaya, tukapoteza mechi baada ya mechi, na ilipofika tarehe 16 Novemba tulikuwa na mchezo mmoja uliobaki, hapa nyumbani, ambao tusiposhinda tunashuka daraja. Ardhi ilikuwa imeganda, wakamwaga unga wa mbao uwanjani ili tusiteleze. Asubuhi hiyo Kocha Sok alikuja chumbani kwetu kambini, akaketi ukingoni mwa kitanda cha Kwang-ryol.

"Sitakwambia ucheze," alisema. "Nakwambia tu nani yuko badala yako."

"Nani?"

"Hakuna."

Kwang-ryol alilitazama goti lake. "Sindano moja ya ganzi itanifikisha mapumziko," alisema. "Waandae ya pili."

Alichomwa ya kwanza kabla ya mechi, na tulipokuwa tunatoka kwenye njia ya kuingilia alinivuta mkono, akaniambia, "Dong-sik, leo usinipigie mpira mbele. Nipe mguuni. Siwezi kuukimbilia." Nikampa mguuni. Tulifungwa bao mapema, naye akasimama kwenye chaki yake kama kawaida, lakini safari hii kusimama hakukuwa ujanja, alikuwa hawezi lingine, na beki wa watu, aliyemjua kwa sifa, alimwogopa hivyo hivyo. Kipindi cha pili alipiga kona ambayo mshambuliaji wetu Ho Man-sik aliiunganisha kwa kichwa, tukasawazisha, na dakika za mwisho tukapata mpira wa adhabu nje kidogo ya kumi na nane, upande wa kulia, mahali panapomfaa mashoto. Aliupiga ukazunguka ukuta, ukagonga mwamba kwa ndani, ukaingia. Tukabaki daraja la kwanza.

Mashabiki waliruka uzio, wakambeba mabegani, wakatoka naye uwanjani, wakavuka naye daraja la mto hadi kituo cha treni na kurudi. Nilikuwa nakimbia pembeni yao. Alikuwa anasema, "Nishusheni. Jamani, nishusheni," kwa sababu ganzi ilikuwa imekwisha na goti lilikuwa linaning'inia na kupigwapigwa na vifua vya watu, lakini kwa zile ngoma hakuna aliyemsikia, na walipoona machozi walidhani ni furaha, wakazidi kumrusha. Walipomshusha hatimaye, goti lilikuwa limevimba kama figili nene ya kuchachusha. Nayasema haya si kumlaumu mtu aliyembeba, wengi wenu mpo humu na mlimpenda, na yeye hakuwahi kuwalaumu. Nayasema kwa sababu ndiyo yaliyotokea.

Baada ya hapo alicheza mechi chache za kuokoteza, na mechi yake ya mwisho ilikuwa tarehe 1 Oktoba 1989, alipoingizwa mwishoni, akagusa mpira mara mbili. Aliajiriwa kufundisha timu ya watoto ya klabu hadi mwaka 1994, mpira ulipogeuzwa biashara na wafanyakazi wa zamani kupunguzwa, akapata kazi ya kuchochea tanuri la kupashia joto nyumba za mtaa wa Hanam, akikoroga makaa ya mawe kila majira ya baridi kwa miaka kumi na tisa. Majirani mliopo mnakumbuka mlivyokuwa mkimpigia kelele dirishani, "Mashoto, huku tunaganda, krosi ya makaa," naye akiwajibu, "Vaeni soksi, wavivu ninyi."

Mwaka 1996, kama familia nyingi za hapa kwetu, nyumba yake iligawanyika. Chun-hwa alikwenda Korea Kusini, Incheon, kufanya kazi jikoni kwenye mgahawa, kwa makubaliano kwamba ni miaka mitatu, akishapata ada ya shule ya Hae-yon atarudi. Simu zilikuwa za kila wiki, zikawa za kila mwezi, zikawa za sikukuu. Mwaka 2001 aliomba talaka, na Kwang-ryol aliridhia. Mke wangu, dada yake, alikasirika, akasema maneno ambayo sitayarudia hapa, na Kwang-ryol akamjibu huku anamenya kitunguu saumu, "Bun-sun, yule anaosha vyombo vya watu tangu jua halijatoka. Akipatikana mtu wa kumpa hata kikombe cha chai, mwache apewe." Hakuoa tena.

Marehemu alianza kuugua kisukari mwaka 2007, na kwa muda mrefu aliuficha ugonjwa huo, hata nyayo zake zilipoanza kufa ganzi. Tarehe 11 Januari 2013, akiwa kazini, kaa la moto lilimdondokea ndani ya kiatu cha mguu wa kushoto, na kwa kuwa hakuhisi kitu aliendelea kuchochea, mpaka mwenzake aliposikia harufu. Kidonda kiligoma kupona. Mwezi Machi madaktari walisema uozo umepanda, mguu ukatwe juu ya goti, la sivyo atakufa kabla ya theluji kuyeyuka, naye akasema hapana.

Tulimbembeleza wote. Hae-yon alipiga magoti sakafuni. Alisema tu, "Kila kitu nilichopewa duniani kilikuwa mguu huu. Nizikeni nao." Daktari alisubiri siku ya kwanza, akasubiri ya pili, na siku ya tatu mlango ulifunguliwa akaingia Bibi Bong-nyo, wakati huo ana miaka sabini, amebeba bakuli la tambi ambazo hospitali ilikuwa imekataza, akaliweka dirishani, akavuta shuka, akautazama mguu bila kugeuza uso, wakati sisi wengine tulikuwa tunaangalia ukuta.

"Mbaya," alisema.

"Mbaya, Mama," Kwang-ryol aliitikia.

"Naambiwa unaulinda."

"Ni wangu."

"Ni wako tangu lini?" Bibi aliketi. "Huu mguu si wako tangu mwaka themanini na moja. Tuliuchukua sisi. Nimezunguka ule uwanja na ngoma kichwani na mtoto mgongoni kwa ajili yake, nikiwa na mimba ya mwingine. Ninao hapa," akajigonga kifuani, "na yule mwenye duka la baiskeli anao, na mume wangu alikufa nao. Hicho kilichobaki kitandani ni nyama iliyooza tu. Wape wakitupe. Wewe tunakutaka kwa kazi nyingine."

"Kazi gani?"

"Kukaa nami jukwaani. Nimechoka kukaa na watoto wasiojua mpira."

Kwang-ryol akamwita daktari. Mguu ulikatwa tarehe 22 Machi 2013. Aliomba apewe, ukachomwa kwa utaratibu unaotakiwa, na majira ya kuchipua nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi mlima wa Ssanghak, akauzika mwenyewe kwa mikono yake pembeni ya baba na mama yake, akakaa pale mpaka miguu yangu miwili ikachoka kumsubiri.

Alikaa jukwaani na Bibi Bong-nyo misimu sita. Mwezi Februari 2019 klabu ya Chongsol ilivunjwa, milango ikafungwa, na walipomletea habari alisema, "Mimi walinikata nusu nikabaki. Hawa wamekatwa wazima." Kuanzia hapo alipungua. Figo zilishindwa mwaka 2022, akawa akisafishwa damu hospitalini mara tatu kwa wiki, na tarehe 9 Novemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na binti yake, alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. Leo, tukitoka hapa, mwili wake utachomwa, na kesho majivu yake yatapelekwa Ssanghak.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa uvumilivu, hasa wale wa kitengo cha figo aliokuwa akiwatania bila kuchoka, inawashukuru majirani wa Hanam waliopokezana kumteremsha na kumpandisha ngazi, wafanyakazi wenzake wa tanuri, wachezaji wa Chongsol walio hai na waliotangulia, na Bibi Bong-nyo, ambaye familia hii haijui imshukuru kwa lugha gani.

Limebaki jambo moja, nalo ni agizo lake. Mwezi uliopita, nikiwa nimekaa naye kitandani, alisema, "Historia yangu utasoma wewe, Dong-sik. Usiwaambie nilikuwa mtu mwema. Waambie nilikuwa winga." Nikamwambia sawa. Akasema, "Na Chun-hwa akija, mkalishe na familia."

"Hatakuja," nilimwambia. "Miaka yote hii."

"Nimesema akija. Mtu asimuulize kitu."

Chun-hwa, shemeji yangu, nimekuona tangu nilipoanza kusoma, umesimama mlangoni na koti lako la safari. Bun-sun amekuona pia, na ameshasogea kukuachia nafasi katikati yake na Hae-yon. Njoo mbele ukae. Tutakusubiri, kisha ndipo tutamwinua.

Kwang-ryol, shemeji, beki wako amemaliza kusoma. Upumzike kwa amani.